Nilikwenda Kula Makaroni: Historia ya Marehemu Kiyoharu Kagotani

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Sakaide, na nyinyi mliotoka Kyoto na Tokyo na baridi hii, familia imenituma mimi Yasuo Takebayashi, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake kabla hatujafukiza ubani, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa akisinzia kwenye hotuba, nitajitahidi nisimchoshe hata leo.

Marehemu Kiyoharu Kagotani alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Sakaide, mtoto wa kwanza wa Mzee Eisuke Kagotani na Bi Fusae, wenye duka la udon, tambi zetu nene za ngano, mnalolijua nyote, na tangu miguu yake ipate nguvu alipandishwa juu ya donge la unga alikanyage, maana katika nyumba ile hakuna aliyekula tambi ambazo hakuzikanyaga.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza sekondari Takamatsu mwezi Machi 1956, akaingia chuo kikuu Kyoto, na mwaka 1958 akaacha masomo bila kumwuliza mtu, akaajiriwa na kampuni moja ya filamu kuwa msaidizi wa mwongozaji, jambo lililomfanya baba yake amnunie mpaka mwaka mpya.

Mwezi Desemba 1965, akiwa Osaka, aliingia sinema kujikinga na mvua, akaiona filamu yake ya kwanza ya makaroni, ndivyo tulivyoziita huku kwetu zile filamu za Waitaliano za bastola, farasi na vumbi, akakaa humo mpaka wafagiaji walipomtoa. Tangu siku hiyo akawa akimsoma kila Jumamosi Mwalimu Hidetaka Murozono, mhakiki wa gazeti moja la Tokyo, ambaye peke yake alizitetea makaroni wakati wahakiki wenzake wakiziona takataka. Hawakuwahi kuonana, lakini marehemu alisema yote aliyoyajua kuhusu filamu amefundishwa na mtu huyo, na dada yangu alikuwa akimtania kwamba Mwalimu angekuwa mwanamke, yeye angemposa.

Alifunga ndoa na dada yangu Nobue, fundi wa mavazi katika kampuni ile, tarehe 3 Novemba 1967 huko Kyoto, wakajaliwa watoto wawili, Chizuru aliyezaliwa mwaka 1969 na Takuma wa mwaka 1973.

Mashamba ya chumvi ya hapa yalipokuwa yanafungwa, mwaka 1971, sisi wengine tuliona riziki imekwisha, yeye akaona jangwa. Aliipigania kampuni yake mpaka ikakubali, akaja kupiga filamu ya makaroni ya Kijapani iliyoitwa Chumvi kwa Wafu, dada akishona majoho ya majambazi kwa mablanketi ya nyumbani, na majambazi wenyewe wakisema lahaja yetu ya hapa bila aibu. Mliokuwapo mnakumbuka ile sehemu ya mwisho, muuaji anaketi mbele ya adui yake, anakula bakuli zima la udon pasipo neno, taratibu, anakunywa mpaka mchuzi, adui anasubiri, upepo unavuma, ndipo anapochomoa bastola.

Filamu ilitoka tarehe 8 Aprili 1972, ikapokewa vibaya. Mmoja aliandika kwamba kofia zile za majambazi zimevuliwa kutoka kwa vinyago vya kutishia ndege mashambani, mwingine akauliza ni wapi duniani muuaji humwinamia mtu kwa heshima kabla ya kumpiga risasi, na marehemu alizicheka zote, akisema tungoje Jumamosi, Mwalimu ataona. Jumamosi ikafika, Mwalimu Murozono akaandika mstari ambao Tokyo nzima iliurudia kwenye vilabu vya pombe:

"Nilikwenda kula makaroni, nikapakuliwa udon."

Hakuna kilichomuuma hivyo maishani. Kule kazini wakaanza kumwita Bwana Udon, filamu ikaondolewa kwenye majumba ya sinema wiki ya pili, naye akahamishiwa ofisini kupanga matangazo, na mwaka 1974, magoti ya baba yake yalipochoka kukanyaga unga, akaacha kazi akarudi nyumbani na familia yake.

Sasa, hapa Sakaide habari ilikuwa imefika kwa namna yake. Mteja mmoja alikuwa ameleta lile gazeti, duka zima likashangilia, na Mzee Eisuke akaukata ule ukurasa, akautia kwenye fremu, akautundika juu ya sufuria kubwa, na mwanawe alipoingia na mizigo yake mlangoni alimshika mkono akampeleka chini ya fremu.

"Mtu wa Tokyo kabisa amekwenda kutafuta makaroni ya watu, akakuta udon yetu," alimwambia. "Angetusifu vipi tena?"

Wapi pengine duniani tusi lile lingepokewa hivyo, ila hapa kwetu. Marehemu alimtazama baba yake, ambaye tangu ile siku ya kuacha chuo hakuwahi kumwambia neno la fahari, akaitua mizigo.

"Ndiyo, Baba. Ametusifu."

Akavua koti, akaanza kazi, na chini ya fremu hiyo alifanya kazi maisha yake yote yaliyobaki. Mzee Eisuke alipofariki mwaka 1988, dada yangu alitaka kuishusha, marehemu akakataa, akasema baba aliitundika mwenyewe, wala watoto hawakuambiwa, wakakua wakiamini ni sifa. Hakupiga filamu nyingine. Jioni akifunga duka alipenda kutembea hadi yalipokuwa mashamba ya chumvi, ambako sasa ni viwanda na daraja kubwa, akasimama tu, na Jumamosi aliendelea kununua gazeti lile, hata baada ya Mwalimu Murozono kustaafu, na nilipomwuliza anatafuta nini humo akaniambia hatafuti kitu, amezoea.

Mwaka 2016 vijana wa Takamatsu waliionyesha filamu upya, wahakiki wa siku hizi wakaandika kwamba ule upole wake, lile bakuli lile, ndio uzuri wenyewe. Tulimsomea, akashukuru, akauliza jambo moja, kama Mwalimu Murozono bado yu hai.

Alianza kuugua tumbo mwezi Oktoba 2018, akalazwa hapa mjini, chakula kikamshinda kabisa. Tarehe 19 Februari mwaka huu, Chizuru akiwa dukani, aliingia mzee mwenye fimbo, akaagiza udon ya mchuzi mtupu, akainua macho akaiona fremu, akauliza nani aliitundika. Chizuru akamjibu kwa furaha kwamba ni babu, kwa sababu mwandishi mmoja wa Tokyo aliisifu filamu ya baba. Mzee yule alikula taratibu, akaliinua bakuli akanywa mpaka likaisha, akasema majira haya yote ya baridi amekuwa akiitazama tena ile filamu.

"Mwambie baba yako, yule mwandishi alikuwa hajala udon ya Sakaide."

Chizuru alimsihi amfuate hospitalini, mzee akasema hana uso wa kumwendea, na alipoulizwa jina akasema Murozono. Jioni Chizuru alimfikishia baba yake maneno hayo kama yalivyo, marehemu akauliza:

"Alibakiza mchuzi?"

Chizuru akamwambia hakubakiza hata tone, na marehemu akacheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini, halafu akalia, dada akimshika mkono. Alifariki tarehe 21 Februari 2019, alfajiri.

Ndani ya jeneza tumemwekea joho la blanketi alilolivaa muuaji. Takuma alitaka na fremu iende, Chizuru, akiwa sasa ameambiwa yote, akasema ibaki ukutani, maana maneno ya babu yamekuwa kweli, na familia imekubaliana naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokanyaga unga zamu kwa zamu ili duka lisifungwe, na wenzake wa Kyoto mliokuja na kofia zile. Tunamshukuru Mwalimu Murozono, ambaye ameketi kule nyuma kabisa, na tunamwomba asogee, afukize ubani pamoja na wana wa marehemu.

Kiyoharu, shemeji yangu, pumzika sasa. Bakuli limerudi tupu.