Wadudu wa Mdomo wa Waliaula

Benchi ya Nabalayo iko Kaloleni, imeegemea ukuta wa duka la dawa za mifugo, mahali ambapo jua halifiki mpaka saa tano. Nabalayo huuza kahawa chungu ya tangawizi na mandazi, na wanaokaa pale wanajulikana kwa majina ya benchi, si ya kitambulisho. Ooko mwenye duka ni Vet, ingawa hajasomea hata kuku. Zadock, tarishi mstaafu, ni Profesa. Na Waliaula, fundi wa viatu aliyetoka Bungoma miaka ishirini iliyopita, ni Tarumbeta, kwa sababu Jumapili ndiye anayeongoza bendi ya kanisa, na akipanda ile noti ya juu unaweza kumsamehe hata jirani mwizi wa kuku.

Ijumaa moja Waliaula aliuma mandazi, akairudisha haraka kwenye sahani na kuifunika kwa kiganja. Nabalayo alikuwa ameshaona.

— Tarumbeta, hiyo nyekundu ni nini?

— Ni jam.

— Mimi sijawahi uza mandazi ya jam.

Benchi nzima ikamgeukia. Waliaula akakubali: ufizi wake ulikuwa ukitoka damu tangu Pasaka, na jino la mbele la juu limeanza kucheza. Lile lililokuwa likimla moyo hakulisema. Mpiga tarumbeta hubana midomo juu ya meno ya mbele. Yakienda, naye ameenda. Mzee Wekesa, aliyeongoza bendi kabla yake, aling'oka meno mawili ya mbele akapewa matoazi, na mpaka leo anapiga matoazi. Na keshokutwa makanisa tisa yangekutana Kisian.

— Damu nzito kuliko maji, alisema Profesa, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kesi. Hiyo kitu inatoka kwa ukoo. Babako alikuwa na meno?

— Alizikwa nayo yote.

— Basi ni upande wa mama.

— Wachana na ukoo, Vet alidakia. Hiyo ni mdudu. Anaingia chini ya jino, anachimba, anazaa. Kwa ng'ombe naona kila siku.

— Omera, ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, Profesa alimkatiza.

— Sasa unafikiri yalienda wapi?

Mzee Amolo, aliyekaa mwishoni mwa benchi, alicheka mpaka pengo lake likaonekana. Meno sita ya chini alitolewa akiwa kijana, kwa desturi ya wazee wake.

— Mimi walinitoa sita siku moja, na nakula samaki ngege mpaka kichwa. Toa tu. Jino la pembe si dawa ya pengo.

— Jaduong', hiyo si inasema asitoe? Nabalayo aliuliza.

— Inasema jino.

Profesa alikuwa anafikiri, na Profesa akifikiri ni hatari.

— Tarumbeta, hiyo tarumbeta ilikuwa ya nani?

— Ya Wekesa.

— Meno ya Wekesa yalienda. Yako inaenda. Chombo ni moja. Mtu anapumua ndani ya chuma miaka thelathini, unafikiri pumzi yake yote ilitoka? Yawa, kuna Wekesa mdogo huko ndani!

Walicheka, lakini Waliaula mgongo ulimsisimka. Vet naye aliingia dukani akatoka na chupa ya bluu, dawa ya kuoshea chuchu za ng'ombe baada ya kukamuliwa.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sukutua na hii. Inaua kila kitu. Kama jino bado linacheza, niko na supa gluu.

Waliaula alijua vizuri kwamba duka lile ni la mifugo. Lakini alifikiria Kisian, akafikiria matoazi, akapokea kifuniko kilichojaa. Kilikuwa kimefika midomoni Nabalayo alipokipiga kofi, dawa ikamwagika vumbini.

— Nyinyi wote mnaongea. Kwani ni nani ameangalia ndani ya hiyo mdomo?

Hata mwenye mdomo alikuwa hajaangalia. Tangu Pasaka alinyoa ndevu bila kioo.

Alikwenda kliniki ya meno siku hiyohiyo. Daktari alikuwa mwanamke mpole aitwaye Ajwang, naye aliuliza jambo moja kabla ya kushika chombo chochote.

— Hapo penye damu, baba, unapiga mswaki?

— Niliacha. Naogopa kupaumiza.

— Ndiyo umewaachia shamba.

Alikwangua ukoga kidogo penye ufizi, akaupaka kwenye kipande cha kioo, akamwita aangalie kwa hadubini. Waliaula aliinama, akabaki ameinama. Walikuwa wengi kama omena kwenye wavu. Wengine duara, wengine virungu, wengine wamejipinda kama waya wakikimbia huku na huko, na wote walikuwa wake.

Daktari alimsafisha kwa saa nzima, akamwambia apumzishe midomo wiki tatu. Hivyo huko Kisian bendi iliongozwa na Sheryl, mpiga tarumbeta mwenzake, binti wa miaka kumi na tisa, na Waliaula alisimama kando ya Wekesa mikono mitupu. Binti alipofikia noti ya juu, alifunga macho. Aliipata. Waliaula alifurahi, na aliumia.

Kwa aibu hakuonekana benchini wiki tatu. Aliporudi, damu ilikuwa imekoma. Jino lilikuwa bado na mchezo kidogo, lakini halikuwa linaenda popote, na asubuhi hiyo alikuwa amepiga tenzi mbili nzima.

— Kwa hivyo nilisema ukweli, Vet alisema. Mdudu!

— Si mdudu wako wa kuchimba. Inaitwa bakteria. Iko kwa kila mdomo, hata yako. Aina mamia. Ukiacha ukoga ukae penye ufizi, wale wabaya wanazidi, ufizi unavimba, mfupa unaoshika jino unaanza kulika.

— Na Wekesa mdogo? Profesa aliuliza.

— Daktari alisema nioshe mdomo wa tarumbeta na sabuni. Lakini meno ya Wekesa, labda ni uchafu wake mwenyewe.

— Si ungewaua wote tu na dawa yangu, tukamaliza?

— Hapana, Vet. Wengi ni wazuri. Wanakalia nafasi, wabaya wanakosa mahali. Ukiua wote, wale wa kwanza kurudi si lazima wawe marafiki.

Mwanamke mmoja aliyekuwa safarini kwenda Sondu, ambaye alikuwa ameketi kunywa kikombe kimoja tu huku kiatu chake alichomletea Waliaula kikikauka gundi, aliinua uso.

— Samahani. Mimi ni Debra. Nilikuwa nasikiliza tu. Sasa huo mswaki unajuaje nani ni mzuri, umwache?

Profesa alitazama mbali, kuelekea ziwani. Vet alianza, — Iko hivi, kisha akaishia hapo. Debra alisubiri kwa adabu, kikombe mkononi, na kwenye benchi yote kila mtu ulimi wake ulikuwa ukitembea polepole nyuma ya meno, au mahali meno yalipokuwa.