Mwalimu wa Kiingereza Kutoka Ndola

Katika treni ya kwenda Élisabethville, Clotilde alijifanya anafuma huku akiwasikiliza abiria wawili waliomkabili. Faustin, bwana mwenye tai, alikuwa amesema anakwenda kufundisha Kiingereza.

Mzee Dominique akamuuliza, "Diplome yako iko wapi, mwana yangu?"

"Sina, baba. Nilisoma miaka sita tu. Lakini kule Ndola nilitumika miaka kumi mu duka ya Muingereza."

"Basi utafundisha bantu kuuza sabuni."

Clotilde akauma midomo asicheke.

"Sabuni nayo iko na Kiingereza yake, baba."

Treni ikasimama. Nje, wanaume watatu wenye madaftari mapya walipita wakiuliza kwenye kila dirisha alipo Monsieur le Professeur. Faustin hakuinuka, alishikilia tai yake tu. Mzee akamgusa bega.

"Itika, mwalimu. Banakuita weye."