Telmo Asaini Wapi

Benchi letu liko nje ya duka la mikate la Dona Graça, Kearny Avenue, upande unaopata jua la asubuhi, na Jumamosi ya baridi ya mwezi wa Novemba jua hilo unalihitaji. Tunakaa pale kwa sababu televisheni ya Dona Graça imegeuziwa dirishani, na mechi za Ulaya huku kwetu New Jersey zinaanza watu wakiwa bado na tongotongo. Tuko wanne. Profesa, jina lake halisi Callum Geddes, ameendesha basi mpaka akastaafu na hajafundisha mtu kitu chochote, ila babu yake alitoka Glasgow, mji unaoabudu mpira, basi anaona mpira ni urithi wa ukoo. Kocha ni Edilberto, Mperu, fundi wa majokofu, na timu aliyowahi kuifundisha ni ile iliyomo ndani ya televisheni. Vigae ni Armindo, Mreno, aliyetandika vigae kwenye nusu ya vyoo vya mji huu. Mimi wananiita Refa, na hakuna anayenisikiliza. Jumamosi moja kama hiyo Vigae alifika hajanyoa, akaweka simu juu ya goti, kahawa yake wala hakuigusa.

— Kulikoni, mzee? nikamuuliza.

— Telmo, akasema.

Telmo ni mjukuu wake, wanaishi wawili tu tangu bibi alipofariki. Kijana yuko timu ya akiba ya klabu ya hapa ng'ambo ya mto, na sasa klabu inataka asaini timu kubwa. Wakati huohuo timu moja ya daraja la pili kule Ureno nayo inamtaka. Wote wanataka jibu leo hii.

— Kaniambia hivi, akasema Vigae. "Babu, wewe ndiye unayejua mpira. Ligi ipi bora? Ukisema, nasaini. Nakupigia saa sita."

— Na wewe umekuja kutuuliza sisi, nikasema. Maskini mtoto wa watu.

— Refa, usinianze. Usiku kucha sijalala. Nikimwambia nenda, nyumba nzima nabaki na jokofu. Nikimwambia baki, na ligi yenyewe ikawa ya hovyo, nimemharibia maisha. Nataka jibu, sitaki utani.

Angesema anataka utani tungemsaidia zaidi.

Profesa akakohoa kile kikohozi chake cha kuanza somo.

— Jambo hili ni rahisi, bwana Armindo. Kule timu ikifanya vibaya inashuka daraja. Hapa haishuki. Mtu asiyeweza kushuka hana hofu, na mpira ni hofu.

— Hapa timu ya mwisho wanaifanyaje? akauliza Vigae.

— Wanaiacha palepale. Halafu mwakani inakuwa ya kwanza kuchagua vijana wapya kutoka vyuo.

— Inapewa zawadi?

— Kwa namna fulani.

— Kwa hiyo hapa timu bora ni ile ya mwisho?

Profesa akaumega mkate wake.

— Tusichanganye mambo, akasema.

— Wewe ndiye umeyachanganya, akadakia Kocha. Sikiliza, Vigae, nikueleze mimi. Anayeongoza hapa msimu mzima si lazima awe bingwa. Wanamaliza ligi, halafu wanaingia kwenye mtoano, na aliyekuwa wa saba huko anaweza kuondoka na kombe. Sasa hiyo ni ligi au ni bahati nasibu?

— Kwa hiyo asisaini hapa?

— Sijasema hivyo. Nimesema hiyo ni ligi au ni bahati nasibu.

— Ni ipi basi?

— Ndiyo nakuuliza wewe.

Vigae akanitazama. Nikamwambia asinitazame, mimi kazi yangu kupuliza filimbi.

— Tuanze na hili, akasema Profesa. Ligi ya kwanza ya hapa ni sawa na daraja gani la Uingereza?

— La pili, akasema Kocha.

— La tatu.

— La pili, upande wa chini.

— Haya, tuseme la pili, upande wa chini. Na daraja la pili la Ureno ni sawa na lipi la Uingereza?

— La tatu, upande wa juu.

— Basi la pili upande wa chini na la tatu upande wa juu ni ukuta mmoja, akasema Profesa. Kijana akienda Ureno anakuwa hajaondoka.

— Hajaondoka vipi na nyumbani hayupo? akauliza Vigae.

— Kimpira, bwana. Kimpira hajaondoka.

— Na mimi nitakaa na nani, kimpira?

Hapo nilimwonea huruma kwa kweli. Lakini Kocha alikwisha kupanda mori, na Kocha akipanda mori huwezi kumshusha.

— Mnasahau safari, akasema. Ureno timu inapanda basi, inafika, inacheza, inarudi kula nyumbani. Hapa ukienda ugenini unavuka nchi nzima, saa inabadilika, unafika miguu imevimba kwa ndege. Nimezungumza na watu wanaojua. Mchezaji wa Amerika anacheza na damu ya jana.

— Damu ya jana?

— Mwili umefika, damu bado iko njiani.

— Nani amekwambia?

— Shemeji yangu. Anafanya kazi uwanja wa ndege.

— Anafanya kazi gani?

— Mizigo.

Nikacheka, Kocha akanuna. Profesa yeye hakucheka hata kidogo. Alikuwa anahesabu kwenye kikombe cha karatasi kwa kalamu.

— Hiyo ya damu ina mantiki, akasema, lakini kosa letu ni kubwa zaidi. Tunalinganisha vipimo viwili. Hapa tunapima joto kwa Farenhaiti, Ulaya wanapima kwa Selsiasi, sivyo? Huku nyuzi hamsini unavaa koti, kule nyuzi hamsini umekufa. Na mpira ni vivyo hivyo. Goli la hapa si goli la kule mpaka uligeuze.

— Linageuzwaje? akauliza Vigae, na naapa alikuwa ameinama mbele kama mtu aliye kwa daktari.

— Unatoa thelathini na mbili, kama kwenye joto.

— Kwenye magoli?

— Kwenye magoli. Halafu unagawa.

— Telmo sijui kama ana magoli matatu.

— Ukitoa thelathini na mbili, akasema Kocha, basi mtoto anadaiwa.

— Ndiyo maana Wareno wanamtaka, akasema Profesa. Wameona deni.

Nikawaambia wanyamaze, wamsikilize mwenye shida. Vigae akageuza simu, akaifuta skrini kwenye suruali, akairudisha gotini.

— Niambieni kitu kimoja tu, akasema taratibu. Ligi ipi bora?

— Ya Ulaya, akasema Profesa. Lakini ya hapa inapanda.

— Ya hapa, akasema Kocha. Lakini ya Ulaya ndiyo mpira.

— Refa?

— Sare, nikasema.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja na kapu lake la nguo. Amehamia juzijuzi ghorofa ya juu ya duka, na alikuwa anasubiri zamu yake ya mashine za kufulia pale jirani. Muda wote ule alikuwa anapuliza chai yake. Sasa akatugeukia.

— Samahanini, baba zangu, akasema. Huyo kijana mwenyewe anacheza namba ngapi?

— Sita, akasema Profesa.

— Tisa, akasema Kocha. Mfungaji yule.

Mimi nikasema ni kipa, maana nilimwona na glavu mkononi hapahapa barabarani. Nilipotamka ndipo nilipokumbuka kwamba ilikuwa Januari na sote tulikuwa na glavu za baridi.

Yule mama akamtazama Vigae.

— Winga, akasema Vigae. Kulia. Ana mbio sana.

— Ulimwona akicheza lini, baba?

Vigae akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu mno kwa swali fupi kama lile.

— Pale uwanja wa shule. Alikuwa na pengo, meno ya mbele yametoka. Alifunga, akanikimbilia mimi, hakuwakimbilia wenzake.

— Na huko anakochezea sasa ni mbali?

Si mbali. Unavuka daraja la mtoni kwa miguu, ukishika kahawa yako, unafika haijapoa. Lakini Telmo anacheza Jumamosi, na Jumamosi sisi tuko hapa tunaangalia Ulaya.

— Kisigino changu kinaniuma, akasema Vigae bila kuulizwa. Na wao hucheza saa zilezile.

Mama akaitwa, mashine imekuwa wazi. Akachukua kapu, akatuaga vizuri, akaenda zake. Hakuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana tulishindwa hata kumsema.

Simu ikalia. Vigae aliipokea kwa mikono miwili, akaweka sauti kubwa kwa sababu sikio lake moja halisikii.

— Babu, ikasema sauti ya Telmo. Haya, nisaini wapi?

— Telmo, unacheza namba ngapi?

Nikasikia gari likipita huko aliko.

— Nne, babu. Beki wa kati. Mwaka wa tatu huu.

— Beki, akasema Vigae, akatutazama kama sisi ndio tuliomhamisha. Sawa. Usisaini kwanza. Mechi yenu ijayo lini? Nakuja. Nakuja na hawa wote.

— Hakuna mechi, babu. Msimu wetu umekwisha mwezi uliopita. Wanaocheza sasa ni Ulaya.

Profesa aliangalia kikombe chake chenye mahesabu. Kocha akaniinamia, akaninong'oneza kwamba mzee amwambie tu mtoto aende, huko angalau tutamwona kwenye televisheni. Alikuwa hatanii.

— Mnaanza tena lini? akauliza Vigae.

— Machi.

— Basi baki. Baki mpaka Machi, nije nikuone.

— Babu, hiyo si sababu. Nilikuuliza ligi ipi bora.

— Najua si sababu, akasema Vigae. Ndiyo niliyonayo.