Truphosa Nekesa na Asubuhi ya Ukungu Kinamasini

Wasikilizaji wapendwa, nawaomba mwache sufuria kidogo, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Truphosa Nekesa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Aliishi Karagita, Naivasha, na kila Jumamosi aliwatembeza watu kuzunguka hifadhi ndogo ya kinamasi kando ya ziwa. Ni katika matembezi hayo alipofariki.

Truphosa alizaliwa Kimilili. Alikuja Karagita akiwa na miaka ishirini, kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua. Kwa miaka kumi na saba alichuma waridi. Mgongo ulipokataa, aliacha. Akaanza kwenda kinamasini kutazama ndege, peke yake, na darubini ya mtumba yenye kioo kimoja kilichopasuka. Majirani walimcheka. "Ndege ndio utakula?" Baadaye wakaanza kumfuata.

Lakini kuna jambo nataka mlijue. Truphosa alikuwa mwoga. Mumewe, Wasike, aliniambia hivi: "Huyu mama aliogopa kiboko mpaka akiiota anaamka amenishika shati. Nikamwambia, si basi uwache kwenda? Akasema, watu watapita huko tu, na mimi ama bila mimi. Afadhali wapite na mtu mwenye anaogopa."

Ilikuwa Jumamosi, wiki mbili zilizopita. Mnaijua baridi ya Julai. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, huoni hatua ishirini mbele. Walikuwa watu saba pamoja naye. Tena ziwa limepanda miaka hii. Njia ya zamani imemezwa, na njia mpya inakatiza pale viboko wanapopita asubuhi wakitoka malishoni kurudi majini.

Langoni aliwapa masharti. "Hakuna kunipita. Hakuna kelele. Nikisema mti, kila mtu nyuma ya mti. Na hakuna kukimbia."

Kati yao alikuwamo Chepkurui, muuza mboga, aliyekuwa akienda kwa mara ya kwanza. Yeye ndiye alinisimulia.

"Tuliona bata, tukaona mnandi, yule ndege mweusi mvua samaki, ameanika mabawa. Halafu Truphosa akasimama, akainua mkono. Mimi naona ukungu tu. Nikamwuliza, ni nini, mathe? Akanusa hewa. Akasema polepole, 'Iko hapa.'"

Ndege walikuwa wamenyamaza. Kisha mafunjo yakavunjika, si upande wa maji walikokuwa wakiangalia, bali nyuma yao, upande wa nchi kavu. Kiboko jike, na mtoto wake ubavuni. Na katikati, kati ya mama huyo na maji yake, watu saba.

"Mti!"

Watano wakajibanza nyuma ya migunga. Chepkurui akakimbia. Alikimbia kuelekea majini, kwenye njia ile ile ya kiboko. Buti yake ikanasa topeni, akaanguka kifudifudi.

"Sikuwa naona," alisema. "Nilisikia tu ardhi ikinigonga kifuani. Inagonga, inakuja."

Truphosa alikuwa tayari nyuma ya mti. Narudia, wasikilizaji wapendwa: alikuwa tayari nyuma ya mti. Alikuwa salama. Akatoka.

"Alinishika kola ya koti. Alikuwa analia, kama mimi tu. Akaniambia, 'Amka, dada. Amka, naogopa.' Akanisukuma ndani ya mafunjo."

Chepkurui alitoka njiani. Truphosa hakuwahi kutoka. Kiboko alimgonga mara moja, akaingia majini na mtoto wake, na ukungu ukafunga. Wale watano walimbeba kwa majaketi yao hadi barabarani. Alifariki kabla ya kufika hospitali.

Kwa siku nne Chepkurui hakufungua kibanda. Siku ya tano alienda kwenye matanga, akasimama nje ya geti, akashindwa kuingia. Wasike alimwona, akamfuata.

"Ni mimi nilikimbia," Chepkurui akamwambia.

Wasike akalisukuma geti, akaliacha wazi. Kisha akasema, "Hata mimi ningekimbia. Ingia, watu wanakunywa chai."

Truphosa Nekesa atazikwa Ijumaa nyumbani kwao Kimilili. Kwako Wasike, kwa watoto wenu wawili, na kwa majirani wote wa Karagita, sisi hapa studioni tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awashike mkono.

Nanyi mnaoishi kando ya maji, tafakarini. Woga si aibu. Mtu akisimama ghafla mbele yako njiani na kuinua mkono, usimcheke, wala usimpite. Na kesho alfajiri, unapokwenda kazini kwa njia ya mkato ya ziwani, tafadhali, subiri ukungu uondoke. Chelewa. Msimamizi atafoka, lakini utafika.