Karantini Hakuvusha Ugonjwa Kizingitini

Marehemu alikuwa na sharti moja: kilichotoka kwa ndege hakivuki kizingiti cha nyumba yake. Hakulivunja hata siku moja, na alitaniwa kwalo mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Karantini.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1969, mtoto wa nne wa fundi cherehani na muuguzi. Baada ya shule ya msingi na sekondari ya bweni, alihitimu stashahada ya uhifadhi wa wanyamapori mwaka 1991. Mwaka uliofuata aliajiriwa kulinda kisiwa wanakotagia ndege wa baharini. Aliwavisha pete za utambulisho miguuni, aliwafukuza wezi wa mayai, na hakutafuta kazi nyingine.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1996. Alifika pekupeku: viatu vya kazi aliviacha gatini kama kawaida yake, vya harusi akavisahau nyumbani. Bibi harusi akamwambia, "Afadhali umekumbuka kuja na miguu." Walijaliwa binti mmoja.

Aprili 2023 ndege walirejea kutoka safari yao ndefu wakiwa na mafua ya ndege. Walizunguka majini kama walevi, wakapinda shingo, wakafa juu ya mayai yao. Ndege wa porini hana banda la kufungiwa wala daktari wa kumdunga sindano. Marehemu aliokota mizoga asubuhi. Jioni akakuta mingine palepale.

"Wengine wanaruka nao ugonjwa kwenda kwa wenzao," alimwambia mkewe. "Nimkataze nani kusafiri?"

Wakati huo binti yao alikuwa nyumbani na kichanga. Marehemu akahamia stoo ya uani. Mkewe aliweka sahani mlangoni, kisha akarudi nyuma na kuita:

"Bwana Karantini, mjukuu amekuja kukagua mahabusu!"

"Msogeze dirishani nione pua. Kama ni yangu, mpeni pole."

Dada yake mkubwa alimkanya. "Wenzako wanaoga, wanabadilisha nguo, wanalala kwa wake zao. Wewe umezidi nini?"

"Wao wana hakika, dada. Mimi sina."

Asubuhi ya tarehe 9 Juni alibanwa na kifua, pumzi ikawa ya shida. Mkewe alipokimbilia mlangoni, alimzuia: "Usiingie, mke wangu. Waite wenye mavazi ya kinga." Mkewe alitii. Alisimama nje akimwita, naye akiitika, hadi alipoacha kuitika. Gari la wagonjwa lilifika baadaye. Vipimo vilionyesha ni moyo. Virusi hakuwa navyo.

Ameacha mke, binti, mkwe, mjukuu wa kiume na dada watatu. Familia haimlaumu kwa uangalifu wake, wala haitausifu ili kujifariji. Kisiwani ndege wanaendelea kufa. Mungu ampe pumziko jema.

Nyumbani hakuna aliyeugua. Mjukuu hakupakatwa na babu yake, na mkewe hakumshika mkono alipokuwa akikata roho.