Kosa la Zimwi

Basi liliponasa kwenye foleni, dada mchoraji aliyekaa mbele yangu alitoa michoro yake ya kitabu cha watoto. Mzee wa pembeni yake, mwenye kovu la moto shavu zima, akachungulia. Si adabu kuchungulia kazi ya mtu, niliwaza, huku na mimi nikichungulia.

"Huyu nani, mwanangu?"

"Zimwi, mzee wangu. Linaishi peke yake msituni. Mwishoni msichana mmoja anakuja kulisamehe."

"Limefanya kosa gani?"

Dada akapekua kurasa mbele na nyuma. "Linatisha tu," akasema, sauti imeshuka.

"Na kwa hilo linasamehewa?"

"Jamani, tunawafundisha watoto huruma!"

"Huruma naijua. Majirani huniwekea chakula mlangoni, Mungu awabariki. Wa kupiga hodi ndiye sijamwona."

"Sasa nichoreje?"

"Mchore msichana amekaa, anakula nalo."

"Mwenye kitabu aliyenipa kazi atakataa. Atasema watoto wataogopa."

Foleni ilifunguka. Basi lilisimama kituo cha shule. Kabla watoto hawajapanda, mzee alikuwa ameshavuta kola ya koti juu ya shavu na kugeukia dirishani.