Nati Iliyoshikishwa

Benchi la kijiwe hiki ni kiti cha nyuma cha gari lililokwisha kufa, kimeegemezwa ukuta wa gereji, na anayekaa katikati huzama mpaka magoti yamfike kidevuni. Asubuhi hiyo aliyezama alikuwa Milimita, fundi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kutamka neno "takriban". Jana yeye na mwenzake Gundi walimaliza kulishusha gari la shemeji yake, gari la michezo la viti viwili, kuukuu lakini linang'aa, sasa tumbo linakaribia kugusa lami. Wakapima tairi kwa uzi na rula mpaka zikatazama mbele sawasawa. Leo shemeji kampakia mkewe, dada yake Milimita, wanakwenda kumwona mama, na njia ya huko ni mteremko wa kona tupu. Njiani dada akapiga simu: gari linavuta kushoto, ni kawaida? Milimita akamjibu kuwa springi mpya zitakaa sawa zenyewe. Tangu akate simu, kahawa yake hajaigusa.

— Ni barabara hiyo, alisema Kapteni, dereva mstaafu wa malori. — Barabara zimelazwa pembeni maji ya mvua yatoke. Gari likiwa chini linasikia kila kitu.

— Barabara wapi? Profesa akadakia. Profesa hajawahi kufundisha mtu, ila gazeti halimpiti. — Ni dunia. Dunia inazunguka, sivyo? Ukilisogeza gari karibu na ardhi, linabebwa na mzunguko.

— Na mende je? Kapteni akamuuliza. — Nao wako karibu na ardhi, mbona hawavuti kushoto?

— Umewahi kumfuatilia mende mpaka mwisho wa safari yake?

Mama Birika, mwenye kahawa, akacheka huku akimimina. Milimita hakucheka. Alipiga simu tena. Haipatikani.

— Mimi nasema ni abiria, Kapteni akaendelea. — Dada mtu anakaa kushoto, na dada mtu, tuseme ukweli, ameshiba.

— Kapteni, dada yangu muache.

— Nimemsifu, bwana.

— Nyote mmepotea, alisema Mama Birika. — Gari la zamani lina mazoea. Huyo mwenyewe wa kwanza, nasikia alikuwa na nyumba ndogo. Basi nyumba ndogo ilikuwa kushoto. Gari linajua njia.

— Hapo umenena, Profesa akakubali, akasahau dunia yake papo hapo.

Gundi peke yake alikuwa hajasema neno, naye kwa kawaida huwezi kumnyamazisha. Alikuwa akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Milimita aliliona hilo, ingawa hakujua maana yake.

Ndipo akaja fundi cherehani wa duka la jirani, aliyehamia juzi, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alinunua kahawa, akasimama kuinywa, akawasikiliza wakizunguka mara ya pili kutoka barabarani mpaka nyumba ndogo.

— Samahani wazee wangu, aliuliza. — Jana lilikuwa linavuta, au limeanza leo?

Hilo wazee hawakuwa wameliuliza. Mama Birika akaanza kufuta birika lililokuwa safi.

Milimita ndiye aliyejua. Jana jioni aliliendesha mwenyewe hadi mwisho wa mtaa, akaachia usukani, likaenda kama limefungiwa kamba. Basi vipimo havikuwa na kosa. Gari lililonyooka jana na kupinda leo, kuna kitu kinalegea. Akamgeukia mwenzake.

— Gundi. Ile nati ya fimbo inayounganisha usukani na tairi la kushoto. Nilikuuliza.

— Nikakwambia nimeshikisha.

— Ndiyo. Umeshikisha.

— Nimeshikisha kwa vidole, Mili. Gereji niliyojifunzia, kushikisha ni kuiwekea tu nati mahali pake. Nilijua utapima tena, halafu ukaze kwa spana.

— Gereji yetu, kushikisha ni kukaza.

— Sikujua.

Hakuna aliyemcheka. Milimita alijichomoa kwenye kile kiti, akabonyeza simu, na safari hii ikaita. Ikaita sana. Kapteni alikuwa tayari anapapasa mifuko kutafuta ufunguo wa gari lake.

— Mbona unahema hivyo? dada akapokea, upepo ukivuma nyuma yake. — Ulisema kweli, limekaa sawa lenyewe. Halivuti tena. Shemeji yako amefurahi, anasema usukani umekuwa mwepesi, anauzungusha kwa kidole kimoja.

— Mko wapi?

— Tunaanza kuteremka.

— Dada, mwambie akanyage breki taratibu. Asikate kona. Asimame hapo hapo, hata kama ni katikati ya njia. Mwambie sasa, dada yangu, nakuomba.

Akamsikia akimwambia mumewe, sauti bado ina mzaha. Kisha honi ya gari la nyuma, ndefu. Kokoto. Halafu injini ikazimwa. Dada akampa mumewe simu.

— Shemeji, tumesimama, ilisema sauti ya mwanamume. — Sasa niambie. Huku nazungusha usukani, mbona tairi la kushoto halifuati?

— Nati imelegea ikatoka, shemeji, alisema Milimita, akimfuata Kapteni kwenye gari. — Msiliguse, nakuja na spana.